Msumeno wa Nusu kwa Nusu

Msumeno wa meza uliletwa asubuhi kwa pikapu, umefungwa kamba pande zote, na wapagazi wakaushusha taratibu mpaka kwenye mlango wa chumba cha uani. Hapo ukakwama. Bwana Futi, aliyeununua, alikuwa amesimama pembeni na futi yake ya kushonea ikining'inia shingoni. Akasema haiwezekani, maana aliupima yeye mwenyewe.

Ni kweli aliupima. Tatizo ni namna alivyoupima. Mtu huyu alikuwa fundi cherehani tangu ujana wake, na alipokwenda kuutazama msumeno kwa muuzaji aliupima kama anavyompima mteja wa suti: alizungusha futi kiunoni, akaongeza vidole viwili vya kupumulia, akaridhika. Chini, mashine ile ni kabati la chuma ambamo mota imefungiwa, na kabati lina kiuno cha kawaida. Juu yake imekaa meza ya chuma kizito yenye mabawa kushoto na kulia, na mabawa hayo hakuyapima. Kwa ufupi, alipima kiuno akasahau mabega.

"Ugeuzeni ubavu," alisema.

Wakaugeuza. Ubavuni kulikuwa na gurudumu la kupandishia diski ya kukatia, na mgongoni kifuniko cha mota kimetokeza. Mtu akibanwa mlangoni huvuta tumbo ndani. Mashine haivuti tumbo.

"Mzee, hapa ni kuvunja tu," alisema mpagazi mkubwa, akijipangusa jasho. "Chagua mwenyewe. Mashine au mlango."

Mabawa ya meza yasingefunguliwa, kwa sababu muuzaji alikuwa ameonya kwamba ukishayafungua utahangaika mpaka uzeeni kuyarudisha yalingane. Basi mlango ukang'olewa. Ukatoka ubao wake, zikatoka bawaba, ikatoka fremu nzima na tofali chache za upande mmoja, na msumeno ukaingia kama mwenye nyumba.

Uani, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikuwa amekaa dada yake Bwana Futi, nguo zake zimejazwa kwenye mabeseni, akitazama. Chumba kile kilikuwa chake.

Huyu dada ndiye mkubwa. Mama yao alipofariki ndiye aliyemwogesha Bwana Futi, akamvalisha, akamkokota shule akilia. Baadaye mdogo wake alipofungua duka la kushona, ndiye aliyekaa kona ya nyuma akitoboa matundu ya vifungo na kupiga vifungo vyenyewe, miaka nenda miaka rudi, mpaka mtaa mzima ukamwita Dada Vifungo. Baba yao alipoona siku zake zimekwisha aliwaita watu chumbani kwake akatamka kwa kinywa chake kwamba nyumba anawaachia wote wawili, nusu kwa nusu. Baba mdogo alisikia. Majirani walisikia. Bwana Futi alisikia kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyekuwa ameshika mkono wa mgonjwa.

Tangu hapo, kila Dada Vifungo alipoulizia nusu yake alipewa jibu lilelile. "Dada, nyumba hii ni yetu sote. Sasa tugawane nini? Nyumba haikatwi kwa msumeno." Watu wakacheka, maana jibu lilitolewa kwa upole na chai ikiwa mezani. Na alichokitaka hakikuwa cha ajabu. Alitaka vyumba viwili vya upande wa barabarani. Alitaka atoboe mlango wake mwenyewe, auze uzi na vifungo hapo, na jioni aufunge kwa ufunguo wake. Akapewa chumba cha uani, akaambiwa ni kwa muda.

Sasa hata hicho kilikuwa kimehitajika. Ukitaka kupitisha ubao mrefu kwenye msumeno wa meza lazima uwe na nafasi mbele na nafasi nyuma, na chumba cha uani ndicho kirefu kuliko vyote.

"Ni kwa muda tu, dada," alisema Bwana Futi.

"Muda gani, mdogo wangu?"

"Muda tu. Na wewe nawe!"

Alimhamishia mwisho wa baraza ya nyuma, kati ya stoo na tangi la maji, na kwa kuwa hapakuwa na ukuta upande ule alimshonea pazia. Tusimnyime haki yake: lilikuwa pazia zuri. Kitambaa kizito, pindo la mikunjo miwili, vikuku vya chuma juu. Alilitundika kwa mikono yake, akalivuta huku na huku.

"Ona pindo hilo, dada. Halifumuki hilo."

Dada Vifungo akalishika pindo, akalikagua kwa kidole gumba kama alivyokagua kazi za dukani. "Pindo zuri," alisema. "Kitasa chake kiko wapi?"

Bwana Futi hakuwa na raha tangu alipofunga duka. Macho yalikataa kutunga uzi kwenye sindano, lakini mikono haikupewa taarifa. Iliendelea kuwasha. Alikunja vitambaa vya mezani vilivyokwisha kunjwa, alifungua droo akafunga, alipima madirisha, alimpima mkewe akiwa amelala. "Tafuta kazi ya kushika, jamani," mkewe alimwambia, "kabla hujaanza kumpindia paka mkia." Ndipo akauza cherehani zake zote na kununua msumeno. Mradi wa kwanza ungekuwa dresingtebo ya mkewe, aliyokuwa ameiahidi tangu walipooana.

Kuusimamisha aliusimamisha vizuri. Aliisugua meza kwa mafuta ya taa mpaka grisi ya kiwandani ikatoka, akaipaka nta isishike kutu. Aliweka pimamaji juu yake, na kiputo kilipokimbilia kona moja alikunja kitambaa kigumu cha kukazia kola na kukisokomeza chini ya mguu mpaka kiputo kikatulia katikati. Alipima umbali wa diski kutoka kwenye mfereji wa meza, mbele na nyuma, akalegeza boliti, akagonga kidogo, akapima tena. Mfuko wa kukusanyia vumbi la mbao aliushona mwenyewe kwa kitambaa cha bitana, mshono mara mbili, kwa sababu mfuko uliokuja na mashine ulimkera. Fundi umeme alivuta waya mpya kutoka kwenye boksi la swichi, njiti ya kiberiti mdomoni.

"Hii inakula umeme wake peke yake," alisema. "Usiichanganye na friji, zitagombana."

Ubao wa kwanza kukatwa ulikuwa ule wa mlango ulioegemezwa ukutani. Ulikuwa mkavu, mti wa zamani, na mtu hawezi kununua mbao za majaribio huku mti umemlalia miguuni. Bwana Futi alitaka ukanda mwembamba tu. Akasogeza ile reli inayouongoza ubao, akaipima kutoka kwenye diski, akaongeza kidogo kwa ajili ya akiba ya mshono, akaikaza. Akawasha. Mashine ikanguruma sauti ya chini, akausukuma ubao wa mlango polepole, na vumbi likaingia kwenye bitana.

Ubao ulitoka umekatwa katikati. Si karibu na katikati. Alipima nusu ya kwanza, akapima ya pili, akazilaza moja juu ya nyingine, na hapakuwa na tofauti ya hata uzi. Reli ilikuwa palepale alipoikaza.

Nusu moja ilibaki mezani. Nyingine ilishuka, ikatoka pale palipokuwa mlango, ikavuka ua, ikapanda baraza na kujiegemeza kwenye pazia la Dada Vifungo. Fundi umeme, aliyekuwa amechuchumaa njiani akikusanya koleo zake, aliondoa mguu ipite.

"Una ubao mwingine wa kujaribia?" aliuliza.

Dada Vifungo alitoka nyuma ya pazia, akautazama ubao. Juu kulikuwa na msumari mkuukuu aliozoea kutundikia mkoba wake. "Huu ni mlango wangu," alisema.

"Nusu yake, wifi," alisema mke wa Bwana Futi kutoka jikoni. Alikuwa mtu anayependa jambo lisemwe lilivyo.

Bwana Futi aliilaumu akiba ya mshono. Akajiambia kwamba mbao si kitambaa, hazihitaji akiba, hapo ndipo alipokosea. Akakata ubao mwingine bila akiba. Ukatoka nusu kwa nusu, na nusu moja ikaenda kwa dada. Akaisogeza reli karibu na diski, akaisogeza mbali, akaiondoa kabisa. Nusu kwa nusu. Akafikiri labda tatizo ni upande wa kushoto, akaigeuza mashine nzima itazame ukuta wa pili, kazi iliyomvunja mgongo, akarudia pimamaji na vitambaa vya kola upya. Safari hiyo ikaondoka nusu ya kulia.

Chumba hakikuwa tena na mlango wa kufunga, kwa hiyo alitundika pazia. Mbao zikalisogeza zikapita. Akaweka benchi njiani, zikapanda juu yake zikashuka upande wa pili, bila haraka, kama watu wazima. Siku moja aliifunga nusu kwa kamba kwenye mguu wa mashine na kuketi kuilinda. Nusu ile haikujitingisha. Ilingoja mpaka yeye mwenyewe alipoihitaji kamba kwa jambo jingine, akaifungua, ikaenda zake.

Nyumbani watu walizoea upesi. "Pisha, mbao inapita," mkewe alisema, akiinua sufuria juu ya kichwa, kisha akaendelea na mazungumzo yake. Wageni waliketi miguu imekunjwa chini ya viti.

Bwana Futi alimpigia simu muuzaji.

"Inakata?" aliuliza muuzaji.

"Inakata."

"Inanyoosha?"

"Imenyooka kabisa. Ila kila ubao inaugawa nusu kwa nusu, halafu nusu moja inakwenda kwa dada yangu."

Muuzaji alifikiri. "Dada anakaa mbali?"

"Hapana, hapahapa nyumbani."

"Basi hata nauli hamna," alisema muuzaji. "Waranti yetu, mzee, ni ya mota na diski. Mambo ya ndugu hatuyashughulikii."

Fundi umeme aliitwa tena. Alifungua kabati, akapima waya, akabadilisha swichi, akafunga kabati. "Umeme hauna kosa," alisema. "Na mengine mimi siyajui. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime."

"Hatugombani sisi!"

"Haya, nimebeba jembe bure."

Kazi hazikwenda. Dresingtebo ilisimama kwa miguu miwili ya mbele, ya nyuma ikiwa imehamia barazani, na ikabidi iegemezwe ukutani. Droo yake ilikuwa nyembamba hata kitana hakikuingia. Mkewe aliweka humo pini moja ya nywele, akamwambia asante, akaendelea kujitazama kwenye kioo cha bafuni. Bwana Futi hakulala vizuri wala kula vizuri. Alianza kutembea uani asubuhi, futi mkononi, akipima vitu ambavyo havikuhitaji kupimwa. Na humo uani alipishana na dada yake, naye akitembea, mikono nyuma, akihesabu kwa hatua upana wa vyumba vya mbele kutoka nje. Walipishana hivyo bila kusemezana, huyu akienda na huyu akirudi, mpaka mke wa Bwana Futi akasema wanamtia kizunguzungu na kuita kikao.

Baba mdogo alikuja na fimbo yake na kanzu iliyopigwa pasi. Chai ikaletwa. Bwana Futi akaeleza, na ili mzee aone mwenyewe, akaenda kukata ubao. Mzee alisikia mngurumo, kisha akaona nusu ikipita barazani walipokuwa wameketi, akainua miguu yake, ikapita, akaishusha.

"Nimeona," alisema baba mdogo. "Na wewe, mwanangu, unasemaje?"

Dada Vifungo alikuwa amekaa karibu na mlango, kanga imekazwa mabegani. "Baba mdogo, wewe ulikuwepo," alisema. "Uliyasikia maneno ya baba. Mimi sikuomba mbao. Mbao zinanijia usiku na mchana, nazipisha kama wageni, hata pa kulaza mguu sina. Nataka vyumba viwili vya mbele. Nataka mlango. Nina hasira, baba mdogo, na sijaanza leo. Nilimlea mtu huyu. Nilikuwa naona haya kusema kwamba mtoto niliyemlea amenidhulumu. Leo nimesema."

Hapakuwa na aliyegusa kikombe. Mke wa Bwana Futi alimtazama mumewe, mumewe akaitazama futi yake.

"Ni kweli," alisema baba mdogo. "Nilikuwepo. Marehemu alisema nusu kwa nusu, na masikio yangu hayakuwa na nta."

Dada Vifungo akavuta pumzi, na kanga ikamlegea begani.

Mzee akakoroga chai, ingawa sukari ilikwisha kuyeyuka. "Lakini tulichoitiwa leo ni mbao," akaendelea. "La nyumba ni jingine, lina siku yake. Tusichanganye mambo. Hebu niambie, kijana, mbao unanunua upana gani?"

Bwana Futi akamwonyesha kwa viganja.

"Basi nunua mara mbili ya hapo. Ikigawanyika, yako inabaki pale pale unapotaka."

Uso wa Bwana Futi ukafunguka. Hii ilikuwa lugha yake. Suruali haikatwi kwa kipimo cha mguu. Unakata zaidi, kinachozidi kinaingia kwenye mshono, na hakuna mteja anayelilia kitambaa kilicho ndani ya mshono. "Kumbe ni suala la akiba tu!" alisema. "Na mimi nilikuwa naiongeza kidogo tu!"

"Na nyumba?" aliuliza mkewe.

"Nyumba haikatwi kwa msumeno, mama," alisema Bwana Futi.

"Umeshajaribu?" aliuliza Dada Vifungo.

Safari hii hakuna aliyecheka. Baba mdogo akasema chai ya nyumba hii haijawahi kumwangusha, akaomba nyingine.

Mbao pana zilianza kuletwa wiki hiyohiyo. Mbao pana ni nzito na zinataka mahali pakavu, pasipo jua kali, zilazwe zisijipinde. Bwana Futi akatazama huku na huku, akazipanga kwenye vyumba viwili vya mbele. Akaweka vijiti katikati yake zipate hewa. Msumeno ukafanya kazi bila matata: ubao uliingia mpana, nusu ikabaki mezani kwa kipimo kilekile alichokitaka, nusu ikashika njia yake. Dresingtebo ikapata miguu minne na droo ya kuingiza hata brashi ya nguo. Mkewe akaisimamisha chumbani mkabala na dirisha.

Nyuma ya pazia, Dada Vifungo aliacha kutembea. Alikuwa amepata kazi. Hakuwa na msumeno, ila alikuwa na kisu, patasi ndogo, na vidole vilivyotoboa matundu ya vifungo maisha yake yote. Ukingoni mwa ubao mmoja alichonga vichwa vya mviringo, na ukingoni mwa ubao wa pili akatoboa matundu, halafu akaufunga ubao kwenye ubao kama koti linavyofungwa kifuani. Hakutumia msumari wala gundi. Alitengeneza kwanza kigoda, akakikalia. Akatengeneza kitanda. Kisha akatengeneza fremu, na ndani ya fremu akatengeneza mlango, na katikati ya mlango akauweka ule ubao wenye msumari wa kutundikia mkoba. Bawaba alizikuta kwenye kifusi, zilezile za zamani. Kitasa alikwenda kukinunua mwenyewe, kipya, chenye funguo.

Akaubeba mlango mpaka katikati ya ua, akausimamisha, akauachia. Ukabaki umesimama. Hapakuwa na ukuta kulia wala kushoto, wala kamba, wala nguzo. Upepo ulipita ukapeperusha nguo kwenye kamba ya kuanikia, mlango haukutikisika. Dada Vifungo akahamisha kitanda, kigoda na mabeseni yake, akayapanga upande wa pili. Akalikunja pazia pindo kwa pindo, akampelekea mdogo wake.

"Chukua. Limenifaa."

"Dada, rudi barazani, jamani. Huko utanyeshewa."

"Barazani hakuna mlango," alisema, akaenda kwake, akaufunga, na ufunguo ukasikika ukizunguka.

Majirani walikuja kumjulia hali. Walifika mlangoni, wakapiga hodi, wakangoja, wakakaribishwa. Wangeweza kuuzunguka. Hakuna aliyeuzunguka, maana adabu ni adabu, na mlango ukifungwa umefungwa. Fundi umeme alipita siku moja kuuliza kama mwenye chumba anahitaji taa, akaambiwa bado, dari halijafika. Wanawake walianza kuagiza vifungo, wakapokelea hapohapo kizingitini. Msumeno uliendelea kunguruma, na mbao zilizokatwa zilisimama foleni mbele ya mlango mpaka zilipofunguliwa.

Asiyetulia alikuwa mke wa Bwana Futi. Kila alipoketi kwenye dresingtebo kujichana alikiona kioo kimejaa mlango ule, umesimama uani nyuma ya bega lake. Alikisogeza kioo kushoto, akauona. Akakisogeza kulia. Mwishowe akawa anajichana amefumba macho.

Mvua ikaja alasiri moja, na haikuja kidogo. Bwana Futi alikuwa anapanga mbao kwenye vyumba vya mbele, akihakikisha dirisha limefungwa zisipate unyevu. Akachukua mwavuli, akatoka uani. Mlango ulikuwa umefungwa. Pande zote mbili za mlango palikuwa wazi, na kutoka aliposimama aliweza kuona mguu wa kitanda ukitota na beseni likifurika. Akagonga.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi, dada."

Ufunguo ukazunguka. "Karibu ndani," alisema Dada Vifungo. "Futa miguu."

Akafuta miguu kwenye kipande cha gunia, akaingia. Ndani mvua ilikuwa inanyesha sawasawa na nje. Dada yake alikuwa amelowa mpaka kwenye nyusi, kanga imemganda mwilini. Akamwonyesha kigoda, mdogo wake akakaa. Akamsogezea mwavuli, ukawafunika kila mmoja bega moja. Moyo ulimuuma Bwana Futi, tusiseme haukumuuma. Alitaka kusema neno, na neno likaja mpaka kwenye ulimi. Badala yake akanyoosha mkono akapitisha kidole kwenye ukingo wa mlango, pale ubao unapokutana na fremu.

"Umekaa vizuri," alisema. "Hauna hata mwanya. Maji hayapiti hapa."

"Asante," alisema dada yake. "Mlango umekwisha. Imebaki nyumba."

Wote wawili wakatazama upande wa vyumba vya mbele. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Humo ndani mbao zilikuwa zimelala juu ya vijiti vyake, pana, kavu, zikipata hewa.

"Tutazungumza, dada."

"Lini?"

"Tutazungumza."

Alisimama, akamwachia mwavuli, akatoka. Aliufunga mlango nyuma yake polepole, usije ukagonga, kwa sababu alikuwa mtu aliyelelewa vizuri, na aliyemlea alikuwa ndani. Akarudi mbio chumbani kwa mashine, akajikung'uta maji, akajipangusa mikono vizuri ili asiichafue meza. Mikono ilikuwa inawasha. Akachukua ubao mpana, akawasha, akasukuma.

Nusu ilibaki. Nusu nyingine ikatoka, ikavuka ua katikati ya mvua, ikafika mlangoni, ikasimama hapo, ikingoja kufunguliwa.